Mwanga wa Kibaba: Kuyasoma Mahekalu ya Bagan

Picha ya Bagan inayojulikana zaidi imepigwa kutoka hewani. Ni alfajiri ya Desemba au Januari, ukungu umelala juu ya mashamba na mivumo, ncha za mahekalu zimechomoza hapa na pale, na maputo yananing'inia juu yake. Maputo hayo huruka kuanzia Oktoba hadi Machi, wakati anga limetulia, na anayepanda hurudi na picha ile ile aliyokwisha kuiona kabla hajasafiri. Ni picha nzuri, sikatai. Lakini ni njia mbovu ya kuisoma Bagan, maana kitu kilichojengwa ili mtu aingie ndani yake inakigeuza kuwa nukta ya kutazamwa. Ukiwa juu huko huwezi kutofautisha stupa, ambayo ni tofali tupu hadi kwenye kiini, na hekalu lenye vyumba, shoroba na madirisha. Ni sawa na kuhukumu diwani kwa jalada.

Uwanda wenyewe uko kwenye kona ya mto Ayeyarwady, katika ukanda mkavu wa Myanmar ya kati. Kati ya karne ya 11 na ya 13, wafalme na malkia, maofisa na matajiri, walijenga hapa maelfu ya majengo ya ibada ya Kibuddha. Bagan ilipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2019, majengo na magofu yaliyoorodheshwa yalizidi 3,500. Sababu ya kujenga ilikuwa ile ile kwa wote: kujipatia thawabu kwa ajili ya maisha yajayo. Habari zinazosimuliwa ndani nazo ni zile zile: Buddha, mabuddha waliomtangulia, na hadithi za Jataka kuhusu maisha yake ya kabla. Kwa mhakiki hii ni bahati adimu. Tunafundishwa kutenganisha fani na maudhui, kisha miaka inatufundisha kwamba havitenganiki; hapa tunapewa maudhui ambayo hayakubadilika kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mjenzi aliyekuwa na neno lake mwenyewe, tofauti na la jirani yake, ilibidi aliseme kwa unene wa ukuta, kwa urefu wa ushoroba, kwa mahali alipotoboa dirisha. Hasa dirisha. Naamini kwamba fani kuu ya Bagan ni ugawaji wa mwanga, na kwamba mwanga huo umepimwa kwa ajili ya mtu anayetembea.

Ndiyo maana kipupwe kina umuhimu kupita starehe ya msafiri. Bagan iko nyuzi 21 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi. Mwanga wote huanguka mapaani na kuta hubaki bapa, hazina kivuli cha kuzichonga. Aprili ni mbaya zaidi: joto linaweza kupita nyuzi 40, na kwa kuwa kila anayeingia hekaluni huvua viatu na soksi, sakafu humfukuza mgeni kabla hajaona kitu. Mwishoni mwa Desemba jua hilo hilo halipandi zaidi ya nyuzi 45 hivi. Huchomoza kusini kidogo mwa mashariki, hutambaa siku nzima upande wa kusini, na miale yake huingia milangoni kwa ulalo. Huzipapasa kuta badala ya kuzipiga. Kila pindo la lipu hupata kivuli chake, na sakafu ambayo asubuhi inauma kwa baridi huwa vuguvugu mchana. Kuanzia Novemba hadi Februari jengo linasomeka.

(Majira haya makavu yamewahi kuwafaa watu wa kazi nyingine, katika Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 14 Februari 1945 Divisheni ya 7 ya India ilianza kuuvuka Ayeyarwady kwenye Nyaung-U, mji ambao leo ndio lango la wageni wa Bagan. Wakati huo Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, askari wa King's African Rifles waliokuwa wakiamrishana kwa Kiswahili, ilikuwa inajionyesha kusini zaidi, upande wa Seikpyu, ili Wajapani wadhani kivuko kitakuwa huko.)

Tuanze na hekalu la Ananda, kwa sababu ndilo lililotimia kuliko yote. Linanasibishwa na mfalme Kyanzittha, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1105. Simulizi husema watawa wanane kutoka India walimsimulia mfalme habari za pango la Nandamula katika milima ya Himalaya, naye akataka kuliona pango hilo katika uwanda wake wa jua kali. Iwe ilitokea au haikutokea, simulizi hiyo ni uhakiki mzuri: Ananda ni pango la kujengwa. Ramani yake ni msalaba wa mikono minne iliyo sawa. Katikati kuna kiini kinene cha tofali kisicho na chumba, na katika kila uso wa kiini hicho, ndani ya shubaka refu, amesimama Buddha wa mbao aliyepakwa dhahabu, kimo chake mita 9.5 hivi. Kakusandha yuko kaskazini, Konagamana mashariki, Kassapa kusini, na Gotama, yaani Buddha mwenyewe, magharibi. Shoroba mbili zinakizunguka kiini, moja ndani ya nyingine.

Fuata hatua za anayeingia. Ukumbi wa mbele ni mrefu, una nuru ya kutosha na kelele za kutosha. Kisha inafuata milango mikubwa ya mtiki, na baada yake giza linalomfanya mtu apunguze mwendo. Ndipo kule mbele, juu, uso unawaka. Mjenzi amepenyeza tundu katika unene wa paa, mahali ambapo aliye chini hawezi kuliona, nalo lina kazi moja tu: kuleta mwanga wa anga hadi kwenye uso na mabega ya sanamu. Mwanga unafika, unakotoka hakujulikani. Siku hizi taa za umeme zinashindana na mpango huo, na kwa maoni yangu zinashindwa, maana taa huonyesha kila kitu kwa usawa ilhali mjenzi alikuwa mchoyo kwa makusudi. Alitoa mwanga kwa kibaba.

Kassapa wa kusini ndiye anayezungumzwa zaidi. Ukimtazama kutoka mbali anatabasamu. Ukimkaribia hadi miguuni, uso unakuwa mzito, karibu na huzuni. Waongozaji wa watalii hulisimulia jambo hili kama muujiza, na mgeni huendeshwa mbele na nyuma mpaka akubali. Ufundi wake unaelezeka. Uso wa sanamu ni wa mviringo, na mstari wa kinywa umeizunguka duara hiyo. Ukiwa mbali unautazama karibu sawasawa, na ncha za midomo zinabaki zilipochongwa, zimeinuka kidogo. Ukisogea unalazimika kuinua shingo. Mstari wowote unaozunguka duara, ukitazamwa kutoka chini, katikati yake hupanda na ncha zake hushuka. Tabasamu linapinduka. Kuujua ufundi hakupunguzi kitu. Mchongaji amefanya nafasi ya sakafu kuwa sehemu ya uso, na anayetaka kuusoma uso huo wote hana budi kuuvuka ukumbi.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo wengi hulipita. Ndani ya Ananda hakuna mahali pa kusimama uwaone Buddha wawili wakubwa kwa pamoja. Wamepeana migongo, kiini kimewatenga. Ili umpate wa pili lazima umwache wa kwanza, uingie gizani, uzunguke pembe, umtafute. Katika mafundisho ya Theravada mabuddha hawa wanne wametengwa na vipindi virefu mno vya muda, mmoja huja wakati mafundisho ya aliyemtangulia yamekwisha kusahauliwa. Mjenzi hakuandika fundisho hilo ukutani. Ameugeuza muda kuwa ushoroba, na usahaulifu kuwa giza la hatua kadhaa. Wale wa kaskazini na kusini ni wa zamani. Wa mashariki na magharibi waliwekwa baadaye, baada ya wale wa kwanza kuungua, na tofauti ya mkono inaonekana wazi. Lakini mpango ni imara kiasi kwamba hata sanamu mpya inatii.

Katika ushoroba wa nje mwanga unabadilika tabia. Hapa kuna mashubaka yenye michongo ya mawe 80 inayosimulia maisha ya Gotama hadi kuamka kwake, na mwanga wake unatoka kando, kwenye madirisha, kwa kimo cha mtu. Tofauti hii si ya bahati. Kuzaliwa, kuoa, kuondoka nyumbani usiku, haya ni mambo ya duniani nayo yanapewa mwanga wa duniani, ule unaokuja na kuondoka na jua. Waliokwisha kuamka wanapewa mwanga wa juu usio na saa. Nje, kwenye kitako cha jengo, vigae vya kijani vilivyotiwa rangi ya kung'aa vinaendeleza mtindo huo: upande wa magharibi jeshi la Mara, mjaribu, linasonga mbele na mazimwi yake, upande wa mashariki miungu inasherehekea ushindi. Siku ya kipupwe, jua la ulalo huwapata miungu asubuhi na mazimwi alasiri. Anayefika saa nne asubuhi, akapiga picha na kuondoka, amesoma nusu ya sentensi.

Kutoka Ananda hadi kijiji cha Myinkaba si mbali, na hapo kuna hekalu la Manuha ambalo wapenzi wa urari hulikimbia. Tarehe za mapokeo zinasema Manuha, mfalme wa Thaton aliyetekwa na Anawrahta, mfalme wa Bagan, mwaka 1057, aliruhusiwa kulijenga mwaka 1067, akaueleza ufungwa wake kwa sanamu kubwa zilizobanwa katika vyumba vidogo. Mwanahistoria Michael Aung-Thwin, katika kitabu chake cha mwaka 2005, ameitilia shaka habari yote ya ushindi juu ya Thaton. Hata tukimwacha mfalme na huzuni yake, jengo linabaki na neno. Mabuddha watatu wameketi na mmoja amelala, na mabega yao yanakaribia kuta. Nafasi ya kuzunguka haipo, wala nafasi ya kurudi nyuma. Hapa ndipo Manuha linapojibizana na Ananda. Kule umbali ndio uliozaa tabasamu. Hapa umbali umenyimwa, na sura iliyohitaji hatua ishirini inakuangukia kutoka juu. Wanaosema ni mafumbo ya mfungwa hawakosei, ila wakishapata fumbo wanaacha kutazama. Mimi naona ni jengo lenye ujasiri kuliko mengi ya uwanda ule, na pia si zuri. Mawili hayo yanaweza kukaa pamoja.

Jirani yake, Gubyaukgyi ya mwaka 1113, inakwenda kinyume. Ni ndogo. Ilijengwa na Rajakumar, mwana wa Kyanzittha, wakati baba yake anafariki au punde baada ya hapo. Madirisha yake ni ya kimia, ukuta uliotobolewa kwa maumbo, hivi kwamba mwanga unaoingia hauwezi kuangaza chumba. Unaweza tu kuyajulisha macho kwamba kuna kuta. Kuta hizo zimejaa michoro ya Jataka iliyopangwa katika vijisanduku, safu juu ya safu, kila kimoja na maelezo yake kwa Kimon cha kale. Huwezi kuisoma michoro hii kwa kusimama katikati. Lazima usogee hadi pua ikaribie lipu, uwe na taa mkononi, na usome kisanduku kimoja huku vingine vyote vimezama gizani. Ajabu ya mpangilio huu ni kwamba mtoaji alilipia mamia ya picha ambazo alijua hazitaonekana kwa pamoja na mtu yeyote. Thawabu ilikuwa katika kuwepo kwake. Msomaji ni wa ziada.

Nje ya hekalu hilo husimama nguzo ya mawe iitwayo Myazedi, yenye nyuso nne na habari moja iliyoandikwa kwa lugha nne: Kipali, Kimon, Kiburma na Kipyu. Kwa wanaisimu ni hazina, kwa kuwa Charles Otto Blagden aliitumia mwaka 1911 kuifungua lugha ya Kipyu iliyokuwa imekufa. Kwa mhakiki wa fani kuna lingine la kutazama. Rajakumar angeweza kuziweka lugha zote kwenye bamba moja, moja chini ya nyingine, na hapo zingepangika kwa ukubwa na udogo. Kwenye nguzo ya pande nne hakuna lugha ya chini. Nawe hapa pia, kama katika Ananda, unauacha uso mmoja ili uupate mwingine.

Hekalu linaloharibu mchezo huu wote ni Dhammayangyi, kubwa kuliko yote kwa uzito wake, ambalo kumbukumbu za kifalme humpa Narathu, aliyetawala kati ya 1167 na 1170 baada ya kumwua baba yake. Ramani ni ile ya Ananda: msalaba, kiini, shoroba mbili. Tofali zimepangwa kwa kubanana hivi kwamba watu wanasimulia mfalme aliwaua mafundi pale sindano ilipopenya kati yake. Lakini ushoroba wa ndani umezibwa kwa kifusi cha tofali tangu zamani, na vyumba vitatu vikuu kati ya vinne vimefungwa. Wapo wanaosema ni hofu ya jengo kuporomoka, wapo wanaosema ni kisasi cha vibarua. Mgeni huzunguka ule wa nje tu, penye popo na harufu yao, upande wake wa ndani akisindikizwa na matao yaliyojazwa. Kila tao lililozibwa linatangaza chumba na kukukatalia. Hakuna jengo linalofundisha fani ya Bagan vizuri kama hili lililovunjika, maana hapa unatambua ni kiasi gani miguu yako ilikwisha kuzoea kuahidiwa kitu.

Kuhusu mahekalu mengine nitapita haraka. Katika Thatbyinnyu, lenye zaidi ya mita 60, na Sulamani la mwaka 1183, mjenzi amepandisha sanamu orofani au amefungua madirisha mapana, na shoroba zimejaa nuru. Gordon Luce, mtafiti mkubwa wa Bagan ya mwanzo, aliyapanga mahekalu katika mkondo kutoka giza la Kimon hadi mwanga wa Kiburma, na vitabu vya watalii bado vinaurudia mkondo huo kama hadithi ya maendeleo. Sioni maendeleo. Katika Sulamani picha za ukutani zinaonekana vizuri zaidi, na mashaka ya kutafuta yamepotea. Ni badilishano, na bei yake ililipwa.

Kilichowezesha ukarimu huo wa madirisha ni tao la kweli, la tofali zilizopangwa kwa mshazari zikiegemeana hadi kileleni. Angkor, jirani mkubwa wa enzi hizo, haikulitumia; mawe ya Khmer yalisogezwa safu kwa safu hadi yakutane, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba. Fundi wa Bagan alikuwa na uhuru wa kupanua. Alipobana, alibana kwa hiari. Jambo la pili lisisahaulike pale tunaposifia wekundu wa tofali wakati wa machweo: wekundu huo ni mwili uliochunwa. Mahekalu yalivikwa lipu ya chokaa yenye nakshi za mashada na vichwa vya mazimwi, na vipande vilivyobaki kwenye pembe za Sulamani vinaonyesha jinsi jua la ulalo lilivyokusudiwa kuvikamata.

Kisha kuna wahariri. Baada ya tetemeko la Julai 1975 ukarabati ulikuwa wa tahadhari, lakini kuanzia miaka ya 1990 serikali ya kijeshi iliruhusu ujenzi mpya kwa fedha za wafadhili waliotaka thawabu, na vichuguu vya tofali vikaota mahekalu kamili kwa kukisiwa. Ni kana kwamba mtu ameokota utenzi uliopotea beti, akazijazia zake bila kuweka alama. Mtetezi atasema kwamba kwa Mbuddha kujenga upya ndiyo heshima yenyewe, na hekalu hai si maonyesho ya makumbusho. Hoja hiyo ina uzito zaidi kuliko wataalamu wa nje walivyokuwa tayari kukiri. Tatizo langu ni la kifani. Beti zilizotiwa zilikuwa za mfano mmoja, ncha zile zile, vilele vile vile, katika uwanda ambao kila mjenzi alikuwa amesema lake kwa tofauti ndogondogo. Tetemeko la Agosti 2016 liliharibu karibu majengo 400, na kilele cha Sulamani kilichobomoka siku hiyo kilikuwa cha ukarabati wa karibuni.

Tetemeko hilo pia lilileta marufuku ya kupanda juu ya mahekalu, na malalamiko ya waliozoea kutazama machweo kutoka matabaka ya stupa ya Shwesandaw bado yanasikika. Kwa sehemu kubwa marufuku hiyo imewarudisha watu ndani, gizani, kunakosomeka. Lakini imekata kitu. Mingalazedi, stupa ya mwaka 1284 iliyojengwa na mfalme Narathihapate muda mfupi kabla dola halijaanguka, haina ndani. Hadithi zake za Jataka zimepangwa kwa vigae kuzunguka matabaka yake, na msomaji wake alikusudiwa kuwa mtu anayepanda na kuzunguka, tabaka baada ya tabaka. Leo anabaki chini. Anayekwenda huko Januari afike asubuhi, asimame upande wa kusini mashariki, ambako jua huvigusa vigae kwa ulalo, na achukue darubini.